Majina ya Waliokuja Matangani

Tabora, 3 Machi 1953

Dada Felicitas, shikamoo. Sisi huku tu wazima, ila Benedicta alishikwa na homa, sasa anakula. Kifua chako kinaendeleaje?

Dada, nimepata biashara nzuri. Bwana mmoja amepanga chumba karibu na stesheni, anauza sabuni ya kuogea kwa kasha. Ukinunua kasha unatafuta watu watano nao wanunue, na kila mmoja anatafuta watano wake. Fungu la fedha yao linarudi kwako hata ukiwa umelala. Mie hapa mgeni, watu wangu wameisha upesi. Wewe unalo daftari la matanga ya shemeji Leodegar, lenye majina na anwani za wote waliotoa rambirambi. Nitumie. Sitaki uzeeke kwenye cherehani.

Mdogo wako,
Adelard

Mtoni, 22 Machi 1953

Mdogo wangu, marahaba. Kifua kimetulia. Mwambie Benedicta namwombea.

Kipande cha sabuni ulichokifunga kwenye gazeti nimekiogea. Maji ya kisima chetu yana chumvi, hakikutoa povu. Nakuuliza, nani ameinunua mara ya pili? Unakumbuka shemeji yako: mteja akija kuchukua suruali, lazima aivae achuchumae kwanza mbele yake. Ikibana, anaifumua. Mfaume wa buchani alikuwa akilalamika, "Fundi, utanichuchumaza mpaka lini, mie mtu mzima?" Lakini alirudi kila mwaka. Biashara nzuri naijua hiyo tu.

Daftari nakutumia. Ulisafiri siku mbili kuja kumzika, siwezi kukunyima. Ila usimwandikie mtu kwa jina langu.

Dada yako,
Felicitas

Tabora, 14 Juni 1953

Dada, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Benedicta amepona, ameanza shule.

Watu thelathini na mmoja wameitikia! Wametumiwa makasha yao kwa treni. Usikasirike, niliandika hivi: "Mjane wa Leodegar anakuomba umshike mkono." Bila hivyo wasingesoma hata mstari wa pili. Fungu lako nimelinunulia makasha mengine, maana bwana anasema faida yenyewe huanza tukifika mia.

Mdogo wako,
Adelard

Mtoni, 2 Agosti 1953

Adelard, marahaba. Mimi mzima.

Makasha yamefika, na yote yako barazani kwangu. Walionunua wanakuja mmoja mmoja, wananisalimu vizuri, wanayaweka chini. Mfaume alisema, "Mama, sie tulitoa kwa ajili ya marehemu. Sabuni kaa nayo." Hakuna aliyetafuta watu watano. Bibi Mauwa, jirani yangu, aliuza kuku wake wote wanne ili anunue. Nilimuuliza kwa nini hakukataa. Akasema, "Nimkatalie mfiwa, mwanangu? Kwa mdomo upi?"

Wewe unasema wameitikia biashara. Wao walidhani wanarudia rambirambi.

Sasa namshonea Bibi Mauwa bila malipo, kisha nitakwenda nyumba ya pili, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Misa ya mwaka ya Leodegar ni tarehe kumi Oktoba. Sijui kama kuna atakayekuja. Nirudishie daftari.

Dada yako,
Felicitas

Mtoni, 6 Septemba 1953

Adelard, hujambo? Sijapata jibu. Mwandiko wa kwanza mle daftarini ni wa Leodegar. Aliandika vipimo vya wateja wawili kwenye ukurasa wa kwanza, kabla sijalifanya la matanga. Nirudishie.

Dada yako

Tabora, 27 Septemba 1953

Dada, shikamoo. Daftari limo humu. Chumba cha karibu na stesheni kimefungwa kwa kufuli, na bwana hajulikani alipo. Nimeuza baiskeli niwarudishie watu fedha zao, bado haitoshi. Kuja siwezi, naona haya.

Adelard

Mtoni, 12 Oktoba 1953

Mdogo wangu, marahaba. Nimepokea. Huku tunaendelea vizuri. Mvua za vuli bado.

Misa imepita. Nilipika wali wa watu kumi, wakaja ishirini na sita. Mfaume alileta nyama, akachuchumaa mlangoni kidogo, watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimeweka daftari na kalamu mezani, kama ilivyo desturi. Bibi Mauwa alikuwa wa kwanza kutoa. Nikashika kalamu. Akaushika mkono wangu akasema, "Nimekuja, mwanangu, lakini usiniandike."

Wa pili akasema hivyo hivyo. Na wa tatu.

Sikumwandika mtu. Mwakani njoo.

Dada yako,
Felicitas