Nilitaka Kuzamishwa kwa Niaba ya Mjukuu Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na usianze kunihubiria maana kanisani nilikuwapo kabla hujaota meno. Mimi ni dobi, shule niliiacha mapema lakini doa nalijua na mtu namjua, na huyu mjukuu wangu, msusi, nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, ana kifafa, na alipokuwa mdogo kilimshika akiwa ameinamia beseni la nguo, mimi nimegeuka kuanika shuka moja tu, kurudi nikakuta uso uko ndani ya povu na miguu inapiga sakafu, nikamvuta kwa nywele, na tangu hapo hata akioga nasimama nje ya mlango naimba ili anijibu, akinyamaza nagonga. Sasa ameokoka, sawa, nimefurahi, ila anataka abatizwe Jumapili, azamishwe mzimamzima kwenye birika la nyuma ya kanisa, nami nikifumba macho naona povu. Nikamwendea mchungaji, kifafa sikumtajia, mambo ya nyumbani hayaanikwi kama shuka, nikamwambia, "Baba, mimi nilishabatizwa ukubwani, nirudishe majini, unizamishe kwa niaba yake." Akacheka! Mjukuu aliposikia hakucheka, alisema, "Bibi, na siku ya kufa utanifia?" Mtoto gani anamwambia hivyo aliyemfunga nepi? Basi kanzu yake nyeupe ya kubatiziwa aliyonipa niipige pasi nimeifungia sandukuni, ufunguo nimeuvaa shingoni, naye hanisemeshi, anasuka wateja wake barazani kama sipo. Maji yakimchukua mbele ya macho yangu nitamlaumu nani, na nikimzuia, je, nimemzuilia Mungu? Jibu upesi, Jumapili haingoji.

Bibi Dobi

*

Shikamoo, Bibi, na pole. Hofu yako siicheki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila nawe umezidi. Umembebea mjukuu kila kitu, sasa unataka kumbebea na imani? Hiyo haibebeki. Siku yako ulipoulizwa kama unamwamini Yesu, nani alikujibia? Ubatizo ni mtu mwenyewe kukiri mbele za watu kwamba amekufa na Kristo na amefufuka naye, na hakuna anayezikwa badala ya mwenzake.

Wala si maji yanayookoa. Yule mhalifu aliyetubu msalabani hakuguswa na tone, na peponi aliingia. Kwa hiyo pupa ya nini? Nendeni kliniki kabla ya Jumapili. Yeye ndiye aulize, wewe ufunge mdomo. Daktari akisema asubiri, atasubiri, na Mungu hatamhesabia utoro. Akiruhusu, mjukuu amweleze mchungaji habari ya kifafa na beseni. Ulimficha sababu, kisha unanuna kwamba amecheka! Siku hiyo ale, ameze dawa zake, maji yasipite kiuno, washikaji wawe wawili, azame na kuinuliwa papo hapo.

Fungua sanduku leo. Kanzu imeshakunjamana humo, na pasi unayo.

Jumapili simama ukingoni na taulo. Mchungaji akimuuliza swali, ulimi utakuwasha. Uung'ate. Miaka yote umeimba mlangoni ili akujibu wewe. Acha sasa umsikie akimjibu Bwana wake.