Toleo la Saba Lililopotea

Kaka yangu,

Duka langu la katuni bado linapumua, ila msambazaji atanizika mimi. Toleo la sita lilimwacha jasusi wetu kisimani, maji yakiwa shingoni. Boksi la mwezi huu likaja na la nane, jasusi anafunga ndoa! La saba limepotelea njiani.

Wateja wakanijia juu. Kinyozi wa jirani aligoma kununua mpaka aambiwe mtu alitokaje kisimani. Nikampigia msambazaji, akanijibu, "Dada, si ametoka? Wasome tu."

Basi Baba, yule yule aliyekufukuza nyumbani kwa kuchora huu "upuuzi", siku hizi anashinda dukani kwangu, eti kiti changu kinamfaa mgongo. Akashusha miwani. "Mimi ninajua alivyotoka." Akawahadithia: baba yake jasusi alifika na kamba, akainama ukingoni, akamwambia, "Panda, mwanangu. Aliyekosea ni mimi."

Kinyozi akajifuta macho kwa taulo la wateja wake.

Jana la saba likafika. Kumbe jasusi alijichongea ngazi kwa kijiko! Kinyozi akalisoma, akalirudisha. "Feki hili. La mzee ndilo lenyewe."

Kaka, tangu nizaliwe sijawahi kumsikia Baba akisema amekosea. Ukimuuliza, atakwambia ni mambo ya katuni tu. Kwa hiyo usimuulize. Kamba imeshashuka, wewe ishike tu.

Mdogo wako,
muuza upuuzi