Kisu cha Randa ya Baba

Shoga, uko wapi? Nacheka mpaka mbavu zinauma, na hapa sipaswi kucheka!

Si unaijua ile randa ya baba, aliyorandia fanicha zote za nyumba hii? Leo wifi, mke wa kaka, aliomba aifufue, maana kutu ilikuwa imeila mpaka haifunguki. Si unajua yeye ni seremala? Baba akakubali shingo upande.

Wifi akailoweka kwenye siki, akaisugua, akaigongagonga, kisu kikatoka. Akakitazama. Akamtazama baba.

"Baba, nani alikitia kisu hiki?"

"Mimi mwenyewe! Miaka thelathini hakijaguswa na mtu mwingine."

Shoga, kilikuwa kimewekwa kinyume. KINYUME! Na kutu imekigandisha vilevile, ushahidi mtupu.

Wifi alitamani ardhi ipasuke. Akanong'ona, "Labda kiligeuka chenyewe, baba."

Mama akadakia kutoka jikoni, "Ndiyo maana meza yangu inachana nguo za watu!"

Baba akakohoa. "Nilikuwa nampima huyu binti kama ataona."

"Miaka thelathini unampima?" mama akamrukia. "Mwenyewe ana ishirini na sita!"

Nilikimbilia uani nikacheke.

Niliporudi, wifi alishakinoa kisu na kukipachika sawasawa. Baba akaipitisha kwenye ubao, likatoka ganda la mbao refu, jembamba kama karatasi. Akalishika kwa vidole viwili, machozi yakamlengalenga, wallahi.

"Kumbe," akasema. Basi. Kumbe.

Sasa hivi kaung'oa mlango wa choo aurande upya, na mimi nimebanwa. Nifungulie geti, nakuja kwako.