Washenga Sebuleni, Mjomba Uwanjani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, maana jambo lenyewe ni la Jumamosi ya wiki ijayo na dada yangu hapokei tena simu zangu.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na tatu, mkazi wa Kihonda hapa Morogoro, nilistaafu kiwandani miaka minne iliyopita na mke wangu Hosiana akafariki mwaka uliofuata, watoto wangu wawili wako Mwanza na kazi zao, kwa hiyo nyumbani niko mwenyewe na redio. Siku moja natoka sokoni nikaona maturubai yamefungwa uwanjani, watu wanapimwa presha na sukari bure, nikaingia, binti mmoja mwenye fulana ya bluu akaniambia shikamoo baba, karibu kiti, akaniletea maji ya chupa, akaniuliza jina langu akaliandika, baadaye wakubwa wakahutubia, bendi ikapiga, na mimi nikarudi nyumbani jioni nimechangamka kama mtu aliyetoka harusini. Tangu siku hiyo sipitwi. Mji huu, mshauri, ukiwa na masikio mwaka mzima una jambo la bure: Siku ya Wanawake nimo, masika kuna kupanda miti kule chini ya mlima nimo, Mei Mosi naandamana na wafanyakazi ingawa nimestaafu, Mwenge ukipita nausubiri barabarani, Maulidi nakaribishwa pilau ingawa mimi ni Mkatoliki, mikutano ya injili, mashindano ya kwaya, mahafali ya Mzumbe ambako nawapigia vigelegele watoto nisiowajua, na mwaka jana Siku ya Kichaa cha Mbwa niliazima mbwa wa jirani yangu Issa ili na mimi nipange foleni ya chanjo. Fulana ninazo ishirini na kitu, kofia sijui ngapi, na kalenda ya ukutani nimeijaza kalamu nyekundu.

Sasa nieleze kosa langu. Dada yangu Editha anakaa Bigwa, ana binti mmoja, Riziki, mwalimu wa chekechea, na sisi ni Waluguru wa Kinole, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mtu akija kuposa barua haipokelewi na baba, inapokelewa na mjomba kwa mkono wake, na Riziki hana mjomba mwingine ila mimi. Washenga walikuwa wanatoka Dumila, wazee wawili na mama mmoja, wametumwa na kijana anaitwa Evance, fundi magari, kijana mwenye adabu zake, na tarehe niliambiwa mwezi mzima kabla, Jumamosi saa nne asubuhi, nikasema sawa, hata shati langu jeupe nikalipeleka kwa dada mapema lisafishwe. Ila Jumamosi hiyohiyo kampuni moja ya mbegu ilikuwa na siku yake uwanjani, nikajiambia washenga hawajawahi kufika kwa wakati tangu dunia iumbwe, ngoja nichungulie saa mbili, nichukue kofia, niondoke. Nilipofika nikapewa namba ya bahati nasibu, mia mbili na kumi na nne, zawadi kubwa ni bomba la kupulizia dawa shambani, wakasema itachezeshwa saa nne, ikawa saa tano mgeni rasmi hajafika, ikawa saa sita, na ukiondoka namba yako inakufa.

Simu ilikuwa inaita mfukoni na nilikuwa naisikia, sitakudanganya. Saa nane kasoro nikamwona Riziki anapita katikati ya viti, amejitanda kanga juu ya gauni jipya, amekuja na bodaboda, mkononi ana mfuko, ndani yake shati langu alilolifua na kulipiga pasi yeye mwenyewe. Akainama akaniambia, "Shikamoo mjomba. Wageni wameshakula, wanasema watakaa mpaka saa tisa. Nimekuletea shati, utabadilisha njiani." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, kaa hapo kidogo, wanachezesha sasa hivi." Akasema, "Nikae, mjomba?" Lakini hakukaa, alisimama pembeni ya kiti changu jua linamuwakia, bahati nasibu ikachezeshwa saa nane na dakika arobaini, ikaitwa mia mbili na kumi na nane, na nilipogeuka Riziki hayupo, mfuko ameuacha kwenye kiti.

Nilifika Bigwa saa tisa na robo na kofia ya mbegu kichwani. Washenga walikuwa wameondoka na barua yao wameirudisha Dumila. Shemeji yangu Joseph, baba yake Riziki, ambaye si Mluguru, aliniambia, "Shemeji, mimi mkono wa kuipokea ninao, ila ningeipokea leo, kesho ukoo wenu mngesema nimewaruka." Dada aliendelea kuosha sahani za wageni.

Sasa Evance amewabembeleza wale wazee wamekubali kuja mara moja tu tena, Jumamosi ijayo saa nne, na wamesema hawana safari ya tatu. Tatizo, mshauri, ni kwamba siku hiyo kuna tamasha la utamaduni, kiingilio bure, na waandaaji wamenitafuta wao wenyewe, wameniomba nikae mbele kabisa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa, nipewe kipaza sauti niwaeleze watu jinsi Waluguru wanavyopokea posa, na jina langu litatangazwa. Miaka mitatu nimekaa viti vya nyuma. Nimemwandikia Editha ujumbe asogeze wageni wiki moja tu, hajibu, nikafikiria pia mwanangu wa kiume aliye Mwanza aipokee barua kwa niaba yangu kwa simu ya video, sijui kama inakubalika. Naomba unipe maneno ya kumwambia dada yangu anielewe. Lile shati bado liko kwenye mfuko, nimelitundika nyuma ya mlango, sijalivaa.

Mjomba mtu,
Kihonda, Morogoro

*Bi Angelina anajibu:*

Shikamoo baba. Heshima yako nimeitanguliza kabisa, kwa sababu huko mbele itapungua. Na kwa bahati yako mbaya umemwandikia Mnyamwezi. Unajua vizuri Mnyamwezi kwa Mluguru ni nani, kwa hiyo ninayokuambia hapa chukulia ni mtani wako anasema, na usinishtaki kwa wazee wa Kinole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka kwa ajili ya yule mbwa wa Issa. Ya pili sikucheka. Baba, unaniomba maneno ya kumlainisha dada yako ili umwache tena sebuleni na wageni wake, uende ukawafundishe watu baki jinsi mjomba anavyopokea posa. Utawaambia nini kwenye hicho kipaza sauti? Kwamba mjomba ni nguzo? Akisimama mtu mmoja kutoka Bigwa akauliza "na posa ya mpwa wako imeishia wapi", utajibu imeishia Dumila?

Unasema washenga hawafiki kwa wakati. Hawa walifika. Walikaa saa tano nzima kwenye sebule ya watu, wakala, wakanywa, wakaishiwa na mazungumzo, wakawa wanaulizana habari za mvua mara ya nne, na dada yako akawa anatabasamu kwa nguvu huku anakupigia simu. Wewe uliisikia simu. Ulikuwa unangoja bomba la kupulizia dawa. Shamba lako liko wapi, baba? Au bomba lingekuja kupulizia kofia zako?

Na simu ya video uisahau. Umesema mwenyewe barua inapokelewa kwa mkono wa mjomba. Mwanao wa Mwanza si mjomba wa Riziki, ni kaka yake, na hata angekuwa, mkono haupiti kwenye simu. Mila zenu unazijua kuliko mimi, kwa hiyo usinitume mimi nikutafutie upenyo ndani yake.

Sasa nikusemee na wewe, maana sina moyo wa jiwe. Yule binti wa fulana ya bluu nimemwelewa. Umemzika mkeo, kazi imeisha, watoto wako mbali, na mtu akakuvutia kiti akaandika jina lako. Mimi pia ningerudi kesho yake. Kwenda kwenye mambo ya bure si dhambi, na afadhali mzee anayetembea akasikiliza kwaya kuliko anayekaa kubishana na redio. Mji umekupa furaha, umeipokea, hilo sikulaumu hata kidogo.

Lakini wale watu wa maturubai, ukikosa siku moja, wanampa kiti mwingine. Wanapokuita mzee wetu, wanamwita kila mwenye mvi hivyohivyo. Kwenye mwaka wako wote, na hiyo kalenda yako yote nyekundu, kulikuwa na shughuli moja tu ambayo bila wewe haianzi. Kiti chako kilikaa wazi Bigwa, hakuna aliyethubutu kukikalia, hata baba mzazi. Na aliyekuja kukuita jina hakutumia spika. Alipanda bodaboda na gauni lake jipya, akapita katikati ya viti mbele ya watu, akainama, akakuamkia. Wewe ukamwambia akae angojee namba yako. Siku ya kuposwa kwake, baba. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, na naamini ndilo lililolifanya shati likae nyuma ya mlango hadi leo.

Basi nisikilize, maana mshika mbili moja humponyoka, na safari hii ni lazima uchague cha kuachia. Leo hii, kabla hujala, wapigie hao wa tamasha uwaambie hutakuja. Wakiuliza kwa nini, sema "napokea posa ya mpwa wangu". Hapo utakuwa umeshawafundisha mila kuliko ambavyo ungefundisha kwa saa nzima.

Halafu nenda Bigwa. Nimesema nenda, sijasema tuma ujumbe. Ukifika usianze na dada yako, anza na Riziki. Najua mjomba kumwomba radhi mpwa ni jambo zito, ndiyo maana ulifanye. Na usimweleze kwamba mgeni rasmi alichelewa. Hana haja ya habari za mgeni rasmi. Mwambie, "Mwanangu, nilikukosea," uishie hapo. Editha atakusikia akiwa jikoni, na akiendelea kuosha sahani, chukua kitambaa uzifute.

Ukitoka hapo omba namba ya mshenga mkubwa wa Dumila umpigie wewe mwenyewe. Umwombe msamaha kama mzee kwa mzee, bila hadithi ndefu. Wenzako wanapanda basi mara ya pili kwa ajili ya binti wa ukoo wako. Ijumaa kalale Bigwa, kwa sababu nyumbani kwako Kihonda najua utasikia ngoma za tamasha zinapimwa alfajiri na miguu itakuwasha. Jumamosi washenga wakukute barabarani unawangoja, na kichwani usivae kofia ya mtu yeyote.

Baada ya hapo endelea na sherehe zako, sikuzuii. Ila kalamu ile nyekundu ianze na watu wa kwenu: Jumapili ya kula Bigwa, siku ya kuwapigia wanao Mwanza, siku ya kumpeleka shemeji Joseph akasikilize kwaya na wewe. Zikibaki nafasi, waandikie wa mbegu. Na mbwa wa Issa muache alale.

Limebaki shati. Litoe kwenye mfuko leo. Wiki zote hizo limekunjika, na najua wazo litakalokujia, kwamba ulipitishe Bigwa Riziki alinyooshe tena. Usithubutu. Lipige pasi mwenyewe.