Baba Bila "Mkubwa"

4 Februari

Mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaposimama kutoa ushuhuda ni kudhani wameitwa kuhadithia. Nimelitanguliza hili hata kabla ya kukujulia hali, kwa sababu nakufahamu: ukurasa wa pili wa barua zangu huwa huufikii. Haya sasa, hujambo? Safari ilikuwaje? Sisi wazima, ila mama yako kila mara anaingia chumbani kwako akijifanya anatafuta ufagio.

Narudi kwenye neno. Ushuhuda ni wa shahidi, na shahidi ni aliyeona. Hapimwi kwa machozi ya wasikilizaji. Wewe uliyekwenda na misheni kupima watu macho, hilo halitakushinda. Kama huna kubwa la kusema, sema dogo, ukae.

Wasalimu wenzako wa msafara.

Baba yako

1 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Asubuhi tunapima macho katika darasa la shule: natundika chati ya herufi ubaoni, mtu anaziba jicho moja, anasoma. Jana bibi mmoja alivaa miwani, akamtazama mumewe, akasema kitu, darasa zima likaangua kicheko. Mkalimani akaninong'oneza: "Anasema bora angebaki vilevile."

Alasiri ni mahubiri uwanjani. Zamu yangu ilipofika nikasema nimekulia katika nyumba ya maombi, nikaokoka, nikakaa. Kiongozi wa msafara akaniambia, "Dada, ushuhuda wako hauna chumvi." Basi juzi nikasimulia habari za baba mkubwa: alivyokunywa, alivyomfungia mkewe nje na mvua, alivyoacha pombe mwaka wake wa mwisho, akafa akiimba. Kumbe mkalimani alitafsiri "baba" tu, hilo "mkubwa" likadondoka! Anasema kwao kaka wa baba ni baba, basi. Watu walilia, Baba. Mkalimani mwenyewe alilia. Baadaye tulicheka sana.

Kitindamimba wako

19 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tunashukuru. Mama yako alicheka habari ya bibi wa miwani mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, hadi nilipofika mwisho wa barua.

Mkalimani hana lawama. Alifuata lugha yake. Lakini wewe umeshajua alichosema, na wale watu hawajui. Mrudishie kaka yangu neno lake. Mwambie mkalimani aseme "kaka mkubwa wa baba." Ni maneno mengi, lakini pumzi anayo. Mwaka ule wa mwisho kaka yangu nilimwogesha kwa mikono yangu. Asinyang'anywe toba yake.

Nijibu hili kwanza.

Baba yako

9 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Afya zetu si mbaya. Barua zangu tatu hazijajibiwa, nami nikailaumu posta. Leo naiomba radhi.

Jumapili iliyopita video ya msafara wenu ilioneshwa kanisani, ukutani pale juu ya kinanda. Mimi na mama yako tulikaa benchi la mbele, tumevaa vizuri kwa ajili yako. Ukatokea na kipaza sauti. Ukasema kwa Kiswahili chako mwenyewe, mkalimani hajafungua hata mdomo: "Baba yangu alikuwa mlevi. Alimfungia mama yangu nje na mvua."

Mama yako akanishika mkono. Nyuma yetu mtu akasema, "Uuu, maskini." Mlangoni kiongozi wa kwaya akanikumbatia: "Mzee wangu, kumbe Mungu amekutoa mbali hivi!" Akina mama walimzunguka mama yako wakimsifu kwa uvumilivu. Tulihamia hapa kaka yangu akiwa tayari kaburini; nani angejua?

Nikamshika mama yako mkono, tukaenda nyumbani. Kusema mimi si mlevi ni kusema wewe ni mwongo.

Unajua mwaka wa kumi na moja huu ninaandaa meza ya Bwana: napanga vikombe, namimina divai. Jumatano wazee wenzangu walikuja, wakanywa chai, wakazunguka weee, mwisho mmoja akasema, "Tumeonelea upumzike kidogo, Mwalimu. Isije harufu ikakukumbusha." Kwa upole kabisa. Mama yako akatoka kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Baba yako

28 Juni

Baba,

Shikamoo, mara nyingi. Barua zako zote zilifika. Sikujibu kwa sababu nilijua jibu lenyewe.

Nilisimulia tena na lile "mkubwa", kama ulivyosema. Watu walitulia tu. Kiongozi akauliza, "Lile la baba liko wapi?" Siku iliyofuata nikaliacha "mkubwa" mwenyewe, na habari za kifo pia. Nikajiambia, baba mkubwa si baba?

Lakini Baba, kuna fundi seremala hapa. Tangu anisikie siku hiyo hajagusa pombe. Ametutengenezea mabenchi ya kliniki, na kila asubuhi anauliza habari zako: "Mzee anaendeleaje? Hajarudi nyuma?" Nikikanusha, ataanguka. Nakuomba uvumilie mpaka nirudi Desemba. Wakikuuliza, sema tu "Mungu ni mwema." Huo si uongo.

Kitindamimba wako

17 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi nina kikohozi kidogo. Mama yako mzima, ila haingii tena chumbani kwako kutafuta ufagio.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara moja nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Mazoea ya kazi. Siku ile ya kwanza neno lilidondoka. Safari hii umelidondosha. Nilikuwa nikifundisha tofauti hiyo darasa la tano, nawe ulikaa safu ya mbele.

Meza nimeshaizoea kuiona kwa mbali, ingawa aliyepewa amekosea idadi ya vikombe mara mbili. Linaloniuma ni kwamba nilipokuwa nikiingoja barua yako, ulikuwa unanisimamisha mbele ya watu nikiwa nimevaa makosa ya kaka yangu, naye umemwacha bila chochote. Halafu unaniomba nilitumie jina la Mungu kama pazia. Hapana.

Mchungaji anataka nizungumze na vijana juu ya ulevi "wangu". Nimekataa, na sababu sijampa. Kukusema sitakusema. Kanisani utasema mwenyewe, kwa mdomo uleule.

Ila huyo fundi hawezi kungoja Desemba. Anaegemea mtu ambaye hayupo. Mpe aliyekuwepo: kaka yangu aliacha akarudia mara sita, na mara ya saba nilimshika kwapani mpaka akasimama. Atamfaa kuliko mimi, nisiyejua hata ladha ya pombe.

Leo, kabla hujatundika chati ubaoni, mchukue mkalimani, nenda kwa fundi seremala, mwambie aliyekunywa ni nani.

Baba yako,
mdogo wa baba yako mkubwa