Oili Nyeupe ya Difu

Jumapili, Missouri City

Na akaapa! Mpwa wangu Hamisi alisimama kando ya kitanda changu: "Wallahi Mjomba, pikapu yako sikuipitisha kwenye mafuriko."

Leo fundi wa Kikongo kafungua difu ya nyuma, lile kasha la gia za kuzungushia magurudumu, akaniletea oili yake kwenye kikombe. Nyeupe. "Mzee, hii ni chai ya maziwa. Maji iliingia."

Alitaka kuimwaga, asafishe, atie mpya. Nimemkataza. Nakiri nilifurahi.

Hamisi anangoja nife aende na gari Dallas. Kwa oili hiyo yenye maji, meno ya difu yatasagika tu njiani. Nimemwomba fundi amwambie siku gari litakapomharibikia, si kabla, kwamba mjomba wake alijua.

Sheikh kanihimiza nisamehe watu kabla sijaondoka. Nimewasamehe wote. Hamisi nimemwachia gari.