Magogo Kumi na Nane ya Mpingo

S.L.P. 41,
Newala.
9 Julai 2024

Mpendwa kaka Vitalis,

Shikamoo. Habari za Guangzhou, na hali ya wifi Esther? Sisi tunaendelea. Macho yalimsumbua Mama, tukampeleka hospitali ya Ndanda, sasa anaona vizuri. Yeye ndiye aliyeniambia niandike, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Maji bado ni shida. Bomba letu linatoa siku mbili tu kwa wiki.

Yule mnunuzi wako alifika, kaka. Alikuja Jumatano na lori, juu yake magogo kumi na nane ya mpingo, mabichi, yamekatwa bila kibali katika msitu wetu wa kijiji kule bondeni. Akanifuata mimi kwa kuwa ndimi ninayetunza nyundo ya kamati ya msitu, ile tunayogongea alama mbao zilizoruhusiwa kutoka.

"Gonga tu, mama," akasema. "Kwenye karatasi yataandikwa mbao. Kaka yako alisema utaelewa."

Sikuelewa, na sitaelewa. Nilimwambia magogo hayatoki. Akacheka, akamwamuru dereva awashe gari.

Siku hiyo ilikuwa ya maji, na wanawake walikuwa wamejaa kwenye foleni. Mama Huruma, jirani yetu, akachukua ndoo zake mbili akaziweka katikati ya barabara. Wengine wakafuata. Dereva akapiga honi mpaka akachoka.

"Zikanyage," Mama Huruma akamwambia, "halafu utueleze tutachotea nini."

Hakuthubutu. Tulikaa pale juani hadi alasiri, afisa wa misitu tuliyempigia simu alipofika akaamuru mzigo wote ushushwe.

Uliniandikia kwamba nchi nyingine zinauza miti zinajengeka, sisi tunailinda tu. Haya, tuzilinganishe. Gaboni walizuia magogo yasitoke, wakataka yapasuliwe kwao kwanza. Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, nao wakapiga marufuku baada ya magogo mengi kwenda na meli. Na huko uliko, wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba wamekataza kukata misitu yao ya asili kwa biashara. Wao wafunge ya kwao, sisi tufungue ya kwetu? Mpingo mmoja unachukua miaka sabini na zaidi kukomaa. Nikiupanda leo, sitauona.

Biashara hatuikatai. Mkutano wa kijiji umeomba magogo yale yapasuliwe hapa hapa, na vijana wetu. Anayetaka mpingo wetu aje anunue mbao, mchana, mbele ya kamati.

Lipo jambo moja nataka ulisikie kwangu, si kwa watu. Afisa aliuliza nani alimwelekeza mnunuzi kwenye msitu wetu. Watu wote walinyamaza kwa kumstahi Mama. Nikajibu mimi: "Kaka yangu, Vitalis." Mama alikuwa amesimama kando yangu. Hakunikanya. Alimtajia afisa jina la baba yetu na la babu, ili asikosee kuandika.

Ukija likizo, chumba chako kipo na chakula nitapika mwenyewe. Kesho yake tutakwenda wote mkutanoni ukajieleze.

Msalimie sana wifi Esther, na mtoto Anthony umbusu kwa niaba ya bibi yake. Mungu awalinde katika nchi ya watu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyejuta,

Dominika